Utafiti na matibabu ya ADHD

ADHD ni kifupisho cha jina la Kiingereza la tatizo la ukuaji wa ubongo ambalo humfanya mtu ashindwe kudumisha umakini, asitulie, au atende kabla ya kufikiri, kwa kiwango kinachoharibu masomo, kazi na uhusiano wake na watu. Huanza utotoni, na kwa wengi huendelea hadi utu uzima. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliojumlisha tafiti za nchi nyingi ulikadiria kwamba huwapata watoto na vijana 5 hivi kati ya kila 100. Wavulana hutambuliwa zaidi kuliko wasichana, kwa sehemu kwa sababu msichana anayekaa kimya nyuma ya darasa, mawazo yakiwa mbali, hamsumbui mwalimu.

Katika Kiswahili cha kila siku mtoto wa namna hii huitwa mtundu au mtukutu. Maneno hayo yana lawama ndani yake, ilhali utafiti hauoneshi kwamba malezi mabaya au sukari ndivyo vinavyoleta tatizo hili.

Historia

Mwaka 1902 daktari Mwingereza George Still alitoa mihadhara mjini London kuhusu watoto wenye akili ya kawaida waliokuwa wakaidi na wasioweza kujizuia. Yeye aliona kasoro hiyo kuwa ya kimaumbile, si ya malezi tu.

Dawa ilipatikana kwa bahati. Katika miaka ya 1930 Charles Bradley aliongoza hospitali ya watoto katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Watoto walipopigwa picha za ubongo kwa njia ya wakati huo, iliyohitaji kutoa maji ya uti wa mgongo, waliumwa sana kichwa. Bradley aliwapa Benzedrine, aina ya amfetamini, ili kuwatuliza. Maumivu hayakupungua sana, lakini walimu waliona mabadiliko darasani. Katika ripoti yake ya mwaka 1937, watoto 14 kati ya 30 walikuwa wamepiga hatua kubwa katika masomo. Wenyewe waliviita vidonge vya hesabu. Mwaka 1944 Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba nchini Uswisi, alitengeneza metilfenidati. Jina lake la biashara, Ritalin, linatokana na mke wake, Rita.

Chanzo

Tafiti za pacha zinaonesha kwamba urithi hueleza takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya watu. Hakuna jeni moja la ADHD. Kuna mengi, na kila moja lina athari ndogo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalinganisha watoto 223 wenye ADHD na wengine 223 wasio nayo. Gamba la ubongo la kundi la kwanza lilifikia kilele cha unene wake kwa kuchelewa kwa miaka 3 hivi, hasa sehemu za mbele zinazohusika na kujizuia.

Utambuzi

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD. Mtaalamu huwahoji wazazi na walimu, kisha hulinganisha majibu yao na vigezo. Kwa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013, mtoto anatakiwa kuwa na dalili 6 au zaidi za kukosa umakini, au 6 za kutotulia na kutojizuia, kwa muda wa miezi 6. Dalili ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, tena zionekane katika mazingira zaidi ya mamoja. Mtoto anayesumbua shuleni tu huenda ana tatizo na shule.

Makosa hutokea. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, ambako mwaka wa shule hugawanywa kwa tarehe 31 Desemba, wavulana waliozaliwa Desemba walitambuliwa kuwa na ADHD kwa asilimia 30 zaidi ya wale wa Januari, na wasichana kwa asilimia 70 zaidi. Bila shaka baadhi yao walikuwa tu wadogo kuliko wenzao wa darasani.

Dawa

Metilfenidati na amfetamini huongeza dopamini na noradrenalini kati ya seli za ubongo. Kwa wengi nafuu huonekana siku hiyohiyo. Madhara ya kawaida ni kukosa hamu ya chakula, usingizi kuchelewa na mapigo ya moyo kuongezeka. Atomoksetini, ambayo si ya kundi hilo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2002.

Tiba ya tabia na kazi ya mshauri

Tiba hii haimkalishi mtoto kwenye kiti ili aeleze hisia zake. Hubadilisha yale yanayotokea kabla na baada ya tendo, mahali linapotendeka. Mfano unaojulikana ni kambi ya mchana ya kiangazi iliyoanzishwa na mwanasaikolojia William Pelham huko Florida mwaka 1980.

Washauri wengi wa kambi hiyo ni wanafunzi wa chuo kikuu. Kabla ya watoto kufika hukariri kanuni na maana kamili ya kila tendo linalohesabiwa. Kisha, kutwa nzima, katika mpira, kuogelea na darasani, hutoa na kuondoa pointi: kusaidia mwenzake, pointi, kukatiza maneno, pointi zinapungua. Mchezo husimamishwa ghafla ili mtoto aulizwe mpira uko kwa nani. Amri huwa fupi na dhahiri: “Weka kitabu mezani”, si “Uwe na adabu”. Adhabu ni kukaa kando kwa muda, na muda hupunguzwa mtoto akitulia mara moja. Jioni mzazi hupokea kadi ya siku yenye malengo machache, na nyumbani hutoa zawadi iliyokubaliwa. Ni kazi ya kuchosha, kwa kuwa mshauri akilegea saa moja tu, watoto huona.

Dawa au tabia?

Jaribio kubwa lililochapishwa Marekani mwaka 1999 liliwagawa watoto 579 wa umri wa miaka 7 hadi 9 katika makundi manne: dawa zilizosimamiwa kwa karibu, tiba ya tabia pamoja na kambi, vyote viwili, au huduma ya kawaida ya mtaani. Baada ya miezi 14, dawa peke yake na mchanganyiko zilishinda katika dalili kuu. Mchanganyiko ulitumia dozi ndogo zaidi.

Pelham alipinga tafsiri hiyo: tiba ya tabia ilikuwa imepunguzwa taratibu kabla ya kipimo cha mwisho, ilhali dawa ziliendelea. Miaka 3 baada ya kuanza, tofauti kati ya makundi zilikuwa zimetoweka, na watoto waliotumia dawa mfululizo walikuwa wamepungukiwa urefu kwa takriban sentimita 2 wakilinganishwa na wasiotumia. Katika jaribio jingine la mwaka 2016, wazazi walioanza na tiba ya tabia walihudhuria mafunzo kuliko walioanza na dawa. Mtoto akishatulia kwa kidonge, mzazi haoni haja ya kuja. Leo miongozo ya Marekani na Uingereza hutaka watoto wadogo zaidi waanze na mafunzo ya wazazi.

Kwa nchi maskini swali ni jingine. Mwaka 2019, na tena 2021, kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa ombi la kuingiza metilfenidati katika orodha ya dawa muhimu, ikisema ushahidi wa manufaa yake ya muda mrefu hautoshi.