Pauni 25 zilizofungua mlango wa Conservative

Julai 1945, vita vya Ulaya vikiwa vimekwisha miezi miwili tu, Waingereza walimwangusha Winston Churchill wa chama cha Conservative, aliyewavusha vitani. Chama cha Labour kilizoa viti 393, Conservative na washirika wake wakaambulia 213. Wapiga kura hawakuwa wamesahau miaka ya 1930, watu waliposhinda vijiweni bila kazi chini ya serikali zilizotawaliwa na Conservative.

Mara tu baada ya kipigo, Lord Woolton, mfanyabiashara wa maduka makubwa aliyekuwa Waziri wa Chakula wakati wa vita bila kuwa na chama, alichukua kadi ya Conservative. Mwaka uliofuata akakabidhiwa uenyekiti wa chama.

Upande wa sera, mwanasiasa wa chama hicho R. A. Butler aliandaa Mkataba wa Viwanda wa 1947: makaa ya mawe na reli vibaki mali ya umma, na serikali ilinde ajira. Wakongwe walinung'unika, lakini mkutano mkuu wa Brighton uliupitisha.

Mimi naona kazi kubwa zaidi ilifanyika kwenye fedha. Zamani, aliyetaka kugombea alijilipia kampeni na mara nyingi akaichangia ofisi ya chama jimboni mamia ya pauni kila mwaka. Jimbo la uhakika lilikuwa kama mali ya mnada. Karani au fundi mwenye kipaji angepenya wapi? Sisi tunaojua wagombea wanavyokamuliwa hata kabla ya kura za maoni tunaielewa vizuri dhuluma hiyo. Kamati ya chama iliyoongozwa na David Maxwell Fyfe, mwaka 1948 na 1949, iliikata: gharama za uchaguzi zibebwe na chama jimboni, mgombea asitoe zaidi ya pauni 25 kwa mwaka, mbunge 50. Viongozi wa majimbo waliozoea mfuko wa tajiri mmoja wakalazimika kupiga hodi nyumba kwa nyumba kutafuta wanachama, ambao walizidi milioni 2.

Mabadiliko yalikwenda taratibu. Kamati za majimbo ziliendelea kupendelea waliosoma shule za kifahari, na ushindi wa Conservative wa 1951 ulipatikana kwa viti, kwani Labour iliongoza kwa kura. Lakini mwaka 1950, Edward Heath, mtoto wa seremala, alishinda Bexley kwa kura 133. Mwaka huohuo binti wa mwenye duka la vyakula aligombea Dartford akashindwa. Heath alikuja kukiongoza chama mwaka 1965. Binti yule, Margaret Thatcher, alimng'oa mwaka 1975.