Kutoka meli za Stettin hadi mtetemo wa Corvette

Malalamiko yalifanana mno. Gari ni Chevrolet Corvette au Camaro, karibu jipya, lenye giaboksi ya otomatiki ya gia 8. Dereva yuko barabara kuu, mwendo umetulia, mguu unagusa eksileta kidogo tu. Ghafla gari zima linatetemeka kwa sekunde chache, utadhani limepita juu ya zile rasta zinazowekwa kwenye lami kabla ya kivuko cha shule. Akikanyaga mafuta, mtetemo unakwisha. Akitulia tena kwenye mwendo uleule, umerudi.

General Motors iliitambulisha giaboksi hiyo, 8L90, katika Corvette ya toleo la 2015, tena kwa majigambo: ilidai inabadilisha gia haraka kuliko ile ya Porsche 911, kwa tofauti inayofika sekunde 0.08. Giaboksi hiyo na mdogo wake, 8L45, zikafungwa pia kwenye Camaro, kwenye baadhi ya Cadillac na kwenye pikapu za Silverado na Sierra. Lakini kilichotetemeka hakikuwa gia. Kilikuwa chombo kinachokaa kati ya injini na giaboksi, tokikonveta, au konveta kwa kifupi. Kina umri mkubwa kuliko kampuni ya Chevrolet yenyewe, na kilizaliwa kwa ajili ya meli.

Mwanzoni mwa karne ya 20 waunda meli wa Ulaya walikuwa wameshapata turbini ya mvuke. Ilikuwa na nguvu nyingi, ila ilifanya kazi vizuri pale tu ilipozunguka kwa kasi kubwa. Rafadha nayo haitaki haraka: ikizungushwa kasi kupita kiasi hukoroga maji bila kuisukuma meli. Gia za kupunguza mzunguko huo, kwa nguvu ya maelfu ya farasi, hazikuwa zikiaminika bado. Hermann Föttinger, mzaliwa wa Nuremberg aliyekuwa mhandisi wa kiwanda cha meli cha Vulcan huko Stettin (leo ni Szczecin, nchini Poland), akaamua kuachana kabisa na meno ya chuma. Injini izungushe pampu. Pampu irushe kimiminika kwenye mapanga ya turbini ya pili. Turbini hiyo ndiyo iizungushe rafadha. Alipata hataza mwaka 1905, akiwa na miaka 28.

Ujanja wenyewe ulikuwa kwenye seti ya tatu ya mapanga, ambayo haizunguki. Kimiminika kinapotoka kwenye turbini huwa kimegeuka, kinarudi kikiipinga pampu. Mapanga haya yaliyosimama hukigeuza tena, kikaingia kwenye pampu kwa upande wa kuisaidia. Matokeo yake, kasi inayotoka ni ndogo kuliko iliyoingia, lakini nguvu ya kuzungusha imeongezeka. Kazi ya gia imefanyika bila jino kugusa jino.

Meli ya abiria Königin Luise, iliyoundwa na Vulcan mwaka 1913, ilifungwa mtambo huo. Vita vilipoanza Agosti 1914 iligeuzwa kuwa meli ya kutega mabomu baharini, na Waingereza wakaizamisha tarehe 5 ya mwezi huohuo. Kwa vyovyote vile, zama za mtambo wa Föttinger melini hazikuwa ndefu. Gia za chuma ziliboreshwa, nazo zilipoteza nguvu kidogo sana, wakati kimiminika kilikuwa kikila sehemu ya nguvu ya injini na kuigeuza joto. Föttinger aliendelea na ualimu wa chuo kikuu hadi alipouawa na kipande cha kombora jijini Berlin, Aprili 1945, vita vikiwa ukingoni.

Joto hilo ndilo lililowatesa waliomfuata. Mwaka 1928 kundi la wahandisi wa Karlsruhe lililojulikana kama Trilok lilipata dawa ya nusu: yale mapanga yaliyosimama yakawekwa juu ya kifaa kinachoruhusu mzunguko wa upande mmoja tu. Gari likiwa linaanza kuondoka, mapanga hukaa imara na kuongeza nguvu. Likishashika mwendo, huachia na kuzunguka pamoja na mengine, upotevu ukapungua. Mpango huo ndio uliomo kwenye karibu kila konveta ya gari leo.

Kwenye magari ya kawaida konveta ilingojea vita vingine. Buick ilikuwa imeunda kifaru cha M18 Hellcat chenye konveta, na mwaka 1948 ikaleta giaboksi ya Dynaflow kwenye Roadmaster. Katika mwendo wa kawaida Dynaflow haikubadilisha gia kabisa. Konveta ndiyo iliyobeba kazi yote. Gari liliondoka kwa ulaini ambao wanunuzi hawakuwa wameuona, na lilikunywa petroli kwa kiasi ambacho, kwa bei za Marekani za wakati ule, hakikumuumiza mtu kichwa.

Corvette ya kwanza, ya mwaka 1953, ilitoka na Powerglide ya gia 2 na konveta. Mteja hakupewa chaguo jingine. Zilitengenezwa 300 mwaka huo, na mashabiki wa magari ya spoti, waliozoea kanyagio la klachi, waliidharau. Mwaka uliofuata zaidi ya 3,600 ziliundwa na nyingi zikabaki bila wanunuzi. Gia za mkono zilipokuja mwaka 1955, pamoja na injini ya V8, ndipo gari hilo lilipoanza kuheshimiwa. Dharau hiyo ya konveta haikuwa ya haki sana. Jim Hall wa Texas aliziendesha Chaparral zake zikiwa na konveta iliyotoka kwa Chevrolet, akashinda mbio za saa 12 za Sebring mwaka 1965, na mwaka 1966 Phil Hill na Jo Bonnier wakashinda kilomita 1,000 za Nürburgring kwa Chaparral 2D. Dereva asiyeondoa mkono kwenye usukani katikati ya kona ana faida yake.

Kilichobaki ni ule upotevu. Packard ilikuwa imeujibu mapema, mwaka 1949, kwa kutia klachi ndani ya konveta: gari likishatulia, klachi inabana pampu na turbini zizunguke kama kitu kimoja, kimiminika kisitelezeshe tena. Wengine waliona ni gharama ya bure. Halafu bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973, Marekani ikatunga sheria ya matumizi ya petroli mwaka 1975, na Chrysler ikairudisha klachi hiyo kwenye magari ya toleo la 1978. Kila mtengenezaji akafuata. Leo hata Mark X ya mtumba kutoka Japani inayo.

Hapa ndipo matatizo ya magari ya sasa yalipoanza, na ni hapa ninapotofautiana na wanaoilaumu konveta. Kimiminika cha Föttinger kilikuwa kinapoteza nguvu, lakini pia kilimeza mitikisiko ya injini isifike kwenye magurudumu. Klachi ikibana kabisa, mitikisiko yote inapita. Wahandisi wakatafuta njia ya katikati: klachi ibane, lakini iachwe iteleze kidogo, mizunguko michache kwa dakika, kwa kilomita maelfu na maelfu. Hakuna klachi ya gari la mkono inayotendewa hivyo ikapona.

Inapona kwa sababu ya oili. Oili ya giaboksi hutiwa kemikali ili msuguano uwe mdogo mtelezo unapopungua, na uongezeke mtelezo unapoongezeka. Uhusiano huo ukigeuka, klachi hunasa, huachia, hunasa tena, mara nyingi kwa sekunde moja, na dereva huhisi rasta. Kwenye giaboksi za GM ilibainika kwamba oili ya awali ilikuwa ikinyonya unyevunyevu, na tabia yake ya msuguano ikaharibika. Mwaka 2019 mafundi wa kampuni walielekezwa kuiondoa yote na kujaza Mobil 1 ya aina mpya. Mamilioni ya dola za usanifu, na tiba ikawa kwenye kopo! Fundi wa mtaani anayejaza oili yoyote mradi iwe nyekundu anacheza na kitu hichohicho.

Wamiliki walikuwa wameshakwenda mahakamani tangu Desemba 2018, huko Michigan, wakidai kampuni ilijua kasoro na bado ikauza, madai ambayo kampuni ilipinga. Magari yaliyouzwa yakiwa na giaboksi hizo yalikadiriwa kuwa 800,000. Mwaka 2023 jaji aliruhusu wamiliki wa majimbo 26 washtaki kwa pamoja, na mwaka 2025 majaji wa rufaa wakautengua uamuzi huo.

Corvette ya 2020 haikungoja hukumu. Ilikuja na giaboksi ya klachi mbili kutoka Tremec, isiyo na konveta kabisa. Wakati huohuo BMW ilikuwa ikielekea upande wa pili: M5 ya toleo la 2018 iliachana na klachi mbili ikachukua giaboksi ya gia 8 ya ZF yenye konveta, na M3 ikafuata miaka michache baadaye. Kwenye magari hayo kimiminika hufanya kazi hasa wakati wa kuondoka. Baada ya hapo klachi hubana na kubaki hivyo karibu safari nzima.