Zabibu moja kiganjani

Somo la kwanza halianzi kwa kufumba macho. Linaanza na zabibu kavu moja. Kila mgonjwa huwekewa yake kiganjani, akaambiwa aitazame kana kwamba hajawahi kuiona: mikunjo yake, rangi yake ikielekezwa kwenye mwanga. Aivingirishe kwa vidole, ainuse, aiweke ulimini bila kuitafuna. Ndipo aing'ate, polepole. Wengi hushtuka: kumbe miaka yote wamekuwa wakila zabibu bila kuzionja.

Kozi yenye zoezi hilo ilianza mwaka 1979 mjini Worcester, Marekani. Jon Kabat-Zinn, msomi wa biolojia ya molekuli, alifungua kliniki katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts. Aliwapokea wagonjwa wa maumivu sugu ambao matibabu ya kawaida hayakuwatosha, akawafundisha taamuli. Taamuli yenyewe aliirithi kwa Wabuddha, na deni hilo lisifichwe. Kule Burma, baada ya Waingereza kumwondoa mfalme mwaka 1885, mtawa Ledi Sayadaw ndiye aliyewapelekea wakulima na wafanyabiashara elimu hiyo ya taamuli, ambayo kwa kawaida iliachiwa watawa.

Sonona iliingia baadaye. Katika miaka ya 1990 wanasaikolojia watatu, Zindel Segal wa Toronto na Mark Williams na John Teasdale wa Uingereza, walihangaika na swali moja: kwa nini aliyepona huanguka tena? Waliona kwamba kwa mtu aliyewahi kuugua, huzuni ndogo tu hutosha kuirudisha akili kwenye mawazo yaleyale, ikazunguka kama ngamia wa kinu. Walikwenda Worcester kuchukua mbinu. Wakaambiwa huwezi kufundisha usichokifanya. Ikabidi wakae chini wao wenyewe, kila siku.

Kisha wakatunga kozi yao kwa waliopona sonona. Matokeo yake ya kwanza yalitoka mwaka 2000, kwa watu 145. Miongoni mwa waliokwisha kuugua mara 3 au zaidi, asilimia 66 ya waliobaki na huduma ya kawaida waliugua tena. Waliosoma kozi, asilimia 37. Walioanguka mara 2 tu hawakupata nafuu hiyo. Hapa ndipo moyo wangu hutulia kila ninaposoma habari hizi: tiba iliwafaa zaidi waliochoka zaidi. Mwaka 2004 ikaingizwa katika mwongozo wa matibabu wa Uingereza. Mwaka 2015 jarida la Lancet likachapisha utafiti wa watu 424: waliougua tena ndani ya miezi 24 walikuwa asilimia 44 kwa kozi, 47 kwa vidonge. Haikuvishinda vidonge, lakini ilisimama navyo bega kwa bega.

Wote hao, hata hivyo, walipimwa wakiwa wamekwisha kuinuka. Aliye shimoni leo, asiyelala wala kula, asipewe zabibu akaachwa peke yake. Ashikwe mkono, apelekwe kwa daktari.