Mzimu, molimo na mzuka

Mfululizo wa michezo ya Pokémon, ulioanza Japani mwaka 1996, una kiumbe wa zambarau mwenye macho mekundu na tabasamu la shari, ajifichaye ndani ya vivuli vya watu. Kwa Kiingereza ni Gengar. Kwa Kifaransa, lugha ya shule za Kisangani huko Kongo, anaitwa Ectoplasma.

Kwa Kiswahili je? Wengi watakimbilia "mzimu", na hapo ndipo penye utamu. Kiswahili kilifika Maporomoko ya Boyoma, karibu na Kisangani, na misafara ya karne ya 19. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, alifanywa gavana wa eneo hilo mwaka 1887. Kilingala kilipanda na Mto Kongo kutoka magharibi, kikiwa na "molimo" wake. Mzimu na molimo ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kibantu: z ya huku ni l ya kule. Ila malezi yao yametofautiana. Molimo aliingia kanisani, akawa Molimo Mosantu, yaani Roho Mtakatifu. Waswahili waliazima roho kutoka Kiarabu, mzimu akabaki kwenye matambiko, pamoja na jamaa zake zimwi, kuzimu na, naam, wazimu.

Basi Gengar si mzimu. Mzimu ana ukoo, ana wajukuu wa kumtambikia. Huyu hatambikiwi na yeyote, kazi yake ni kutisha watu na kuwacheka.

Jina linalomfaa ni "mzuka": azukaye ghafla, akakutoa jasho, akatoweka. Mfasiri atakayeuleta mchezo huo kwa Kiswahili asihangaike na jingine.