Kabla ya Kamba Kulikuwa na Bastola: Ugomvi wa Watu wa Baiskeli na Watu wa Mbwa Ulianzia Wapi?

Wadau, huko majuu kuna ugomvi mmoja haujawahi kuisha. Sio wa siasa, sio wa mpira. Ni wa watu wa baiskeli na watu wa mbwa kwenye bustani za umma. Kila baada ya muda utakutana na video mtandaoni: jamaa kavaa nguo za kubana yuko chini, baiskeli kule, mbwa kule, mwenye mbwa anafoka. Huyu anasema mfunge mbwa wako, yule anajibu punguza spidi, hapa sio uwanja wa mashindano. Na komenti zinagawanyika katikati kama Simba na Yanga.

Wengi wanadhani haya ni mambo ya juzi, yameletwa na baiskeli za bei mbaya na mbwa wanaodekezwa kuliko watoto. Kumbe una zaidi ya miaka 100. Na kuna kipindi ulifika mahali watu wakatengenezewa kabisa bastola. Ndio, bastola! Twende taratibu.

BAISKELI ILIZALIWA HAINA KWAO

Mwaka 1817 kule Mannheim, Ujerumani, jamaa anaitwa Karl Drais aliingia barabarani na kitu cha ajabu. Ni cha mbao, kina magurudumu mawili, hakina pedeli. Unakikalia halafu unasukuma kwa miguu kama mtoto anayejifunza. Huyo ndiye babu wa baiskeli zote unazoziona leo.

Tatizo lilianza hapo hapo. Barabara za enzi hizo zilikuwa zimechimbika na magurudumu ya mikokoteni, matope kila mahali. Sasa wewe na kagari kako ka mbao utapita wapi? Unahamia pembeni, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kuliko nyooka. Mwaka 1819 kifaa hiki kilipoingia London na kuwa fasheni ya vijana wenye hela, haikuchukua muda watu wakaanza kupigwa faini kwa kupita kwenye njia za miguu.

Shika hiyo pointi maana itarudi: baiskeli ilikuja duniani bila kutengewa sehemu yake. Barabarani ni mgeni, pembeni ni mkorofi. Sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1835 ilikataza magari ya kukokotwa kupita njia za miguu, na mwaka 1888 ikaandikwa rasmi kwamba na baiskeli ni gari. Lakini kuandikwa kwenye karatasi ni kitu kimoja, kupewa nafasi ya kupita ni kitu kingine.

1885: MWAKA ULIOUNGANISHA MBWA NA BAISKELI

Mwaka 1885 yalitokea mambo mawili, kila moja kivyake, ila kwenye story yetu yanakutana.

La kwanza, Uingereza. John Kemp Starley alitoa baiskeli aliyoiita Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapanda yale madude yenye gurudumu la mbele kubwa kama mlango, ukidondoka umedondoka kichwa. Rover ilifanya kila mtu aweze. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop akaja na tairi la upepo. Na huyu Dunlop alikuwa daktari wa mifugo pale Belfast! Yaani mtu wa wanyama ndiye aliyefanya baiskeli iende kasi na kimya kimya.

La pili, Ufaransa. Mwezi Julai mwaka huo huo wa 1885, Louis Pasteur alimchoma mtoto aliyeng'atwa na mbwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ya kwanza kwa binadamu. Kabla ya hapo, mbwa mwenye kichaa akikung'ata na ugonjwa ukajitokeza, unasubiri kufa tu. Kwa hiyo mtu wa miaka ile akimuona mbwa anakuja mbio, hawazi kuchaniwa suruali, anawaza kaburi.

Sasa unganisha. Mbwa kwa asili anafukuza kitu kinachokimbia. Hana chuki na wewe, macho yake yakiona kitu kinapita kasi, miguu inajibu yenyewe. Miaka ya 1890 dunia ya wazungu ikapagawa na baiskeli, vijijini na mijini, na mbwa wengi walikuwa wanazurura bila kufungwa. Miguu inayozunguka usawa wa mdomo wa mbwa, tairi halina kelele, mnyama anashtukizwa. Unategemea nini?

BASTOLA YA MBWA

Hapo ndipo Wafaransa wakaleta Velo-Dog. Jina lenyewe linasema: "velo" ni baiskeli, "dog" unaijua. Ilikuwa bastola ndogo ya kuweka mfukoni, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1890, yenye risasi nyembamba za milimita 5.75. Nyingi hazikuwa na kile kikingio cha kifyatulio, na nyundo ilifichwa ndani ili isinase kwenye koti ukiwa unaitoa huku umeshika usukani kwa mkono mmoja. Hebu ivute picha.

Watu wenye huruma nao walifikiriwa. Zilikuwepo risasi zisizoua, ndani wameweka pilipili ya unga, nyingine nta au mbao. Yaani mbwa anapigwa pilipili ya uso anarudi kwao. Ubelgiji na Hispania nao wakaiga wakatengeneza za kwao, biashara ikaendelea mpaka karne ya 20 ilipoanza.

Ukicheka, kumbuka kuna kitu kinasikitisha hapo. Mbwa aliyefyatuliwa alikuwa na mwenyewe, pengine mtoto fulani analia nyumbani. Hakuna aliyemuuliza mwenye mbwa kwa nini hakumfunga, na hakuna aliyemuuliza mwenye baiskeli kwa nini alipita pale kwa kasi. Kila mtu kapewa silaha, hakuna aliyepewa utaratibu.

Lakini angalia Uingereza walivyofanya. Mwaka 1897 serikali ilitoa amri mbwa wavalishwe vifunga mdomo, na wanaoingia kutoka nje ya nchi wadhibitiwe. Wenye mbwa walichukia kinoma. Ila mwaka 1902 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetokomezwa nchini. Amri ilifanya kile ambacho bastola isingeweza.

CENTRAL PARK: WALIWEKWA NDANI KWA KUENDESHA BAISKELI

Tuvuke maji twende New York. Mchoro wa Central Park ulioshinda mwaka 1858 ulikuwa na akili sana. Olmsted na Vaux walitenganisha njia: za waenda kwa miguu, za farasi, za magari ya kukokotwa, na barabara za kukatisha mji wakazichimbia chini ili zisisumbue watu. Walijua ukichanganya spidi tofauti sehemu moja, utavuna ugomvi.

Shida ni kwamba mwaka 1858 baiskeli hizi hazikuwepo. Zilipofika, wakubwa wa bustani wakaona njia rahisi ni kuzipiga marufuku. Mwaka 1881 waendesha baiskeli watatu waliingia nazo makusudi ili wakamatwe, na kweli wakakamatwa. Nyuma yao alikuwepo tajiri wa kiwanda cha baiskeli, Albert Pope, aliyegharamia kesi. Vuta nikuvute mpaka mwaka 1887, jimbo la New York likapitisha sheria iliyowapa watu wa baiskeli haki sawa na magari mengine. Mwaka 1894 pale Brooklyn ikafunguliwa njia maalumu ya baiskeli kwenye Ocean Parkway, ya kwanza ya aina yake Marekani.

Baiskeli imeshinda. Mbwa je?

Mbwa naye alikuwa anabadilika. Kutoka kulinda geti akahamia sebuleni, kutoka sebuleni mpaka kitandani. Mji wenye maghorofa hauna uwanja wa nyuma, kwa hiyo bustani ndiyo ikawa uwanja wake. New York sheria inataka mbwa afungwe kamba isiyozidi futi 6, kama mita 1.8. Ila kwa miaka mingi wenye mbwa walikuwa wanaachiwa kuwafungulia kati ya saa 3 usiku na saa 3 asubuhi kwenye baadhi ya maeneo ya bustani, na mwaka 2007 utaratibu huo ukawekwa rasmi kwenye kanuni.

Unaona walichofanya? Waligawana saa. Mnyonge kapata muda wake, na ukienda nje ya muda huo ukapata shida, unajua kosa ni la nani.

KAMBA NAYO IKAWA MTEGO

Kuna watu watasema suluhisho ni kamba basi, mambo yameisha. Sio rahisi hivyo. Kuanzia miaka ya 1970 zilisambaa kamba zinazojivuta na kujirudisha, za Kijerumani. Mbwa anakwenda mita kadhaa mbele huku wewe umeshika kidude mkononi. Ni nzuri, ila mwenye mbwa akiwa upande huu wa njia na mbwa upande ule, katikati kuna uzi mwembamba ambao mwenye baiskeli hauoni mpaka umemfikia. Ndio maana kanuni za barabara za Uingereza hazisemi kamba tu, zinasema kamba FUPI kwenye njia inayotumika pamoja na baiskeli. Na upande wa pili zinamwambia mwenye baiskeli apunguze mwendo na apige kengele.

PALE INAPOUMA

London kuna Richmond Park. Mfalme Charles I aliizungushia ukuta mwaka 1637 ili awinde swala wake kwa raha. Mwaka 1758 mtengeneza pombe mmoja, John Lewis, alishinda kesi iliyowarudishia wananchi haki ya kuingia kwa miguu. Leo swala wapo, mbwa wapo, na baiskeli za mazoezi zipo kibao. Mwaka 2011 video ya mbwa anayeitwa Fenton akifukuza kundi la swala huku mwenye mbwa anapiga mayowe ilichekesha dunia nzima.

Lakini sio kila kitu ni kicheko. Mwaka 2022, kwenye bustani nyingine ya kifalme hapo hapo London, bibi mmoja alikuwa anavuka barabara akimtembeza mbwa wake. Akagongwa na baiskeli iliyokuwa kwenye kundi la mazoezi, ikiwa juu ya maili 20 kwa saa zilizoandikwa kwenye kibao. Alifariki baadaye. Mwendeshaji hakushtakiwa. Unajua kwa nini? Vibao vya spidi kisheria vinahusu vyombo vyenye injini. Na sheria ambayo ingeweza kutumika ni ya mwaka 1861, iliyotungwa kwa ajili ya watu wa magari ya farasi!

Ilipofika 2024 habari hizi zikatoka hadharani, nchi ikagawanyika, wabunge wakaanza tena kujadili sheria mpya. Zaidi ya miaka 160, na mtu aliyefiwa anaambiwa hakuna kifungu cha kumsaidia.

NA HUKU KWETU?

Usiseme haituhusu. Majirani zetu Nairobi wana msitu wa Karura, ule ambao marehemu Wangari Maathai aliupigania usigawiwe kwa wajenzi. Leo watu wanakimbia humo, wanaendesha baiskeli, wanatembeza mbwa. Mbwa anafungwa kamba, baiskeli zina njia zake. Sheria ziliwekwa mapema, kabla watu hawajaumizana. Na miji yetu inakua, vijana wanaofuga mbwa wanaongezeka, vikundi vya baiskeli vya asubuhi navyo vinaongezeka. Maeneo ya wazi ndiyo yanapungua.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mimi naona historia inasema wanakaa, ila zizi ligawanywe: kila mmoja ajue njia yake, saa zake na mwendo wake. Kwenye bastola walishindwa. Kwenye matusi ya mtandaoni wanashindwa kila siku. Palipotulia ni pale ambapo kuna mtu alikaa chini akachora mstari kabla ya msiba, sio baada ya msiba.

Haya wadau, uwanja wenu. Hapo mtaani kwako kukiwa na eneo moja tu la wazi, nani apewe asubuhi: watu wa baiskeli au watu wa mbwa? Na yule anayetembea zake kwa miguu mmemuweka wapi?