Makumbusho na haki ya mgeni asiyesikia

JUMBA la makumbusho huchukuliwa kuwa mahali pa kutazama. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maelezo yake humfikia mgeni kupitia masikio: kiongozi huzungumza akitembea, filamu husimulia na spika hutoa milio ya ngoma. Asiyesikia huviona vilivyowekwa mbele yake, lakini visa vyake humpita.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya 2021, lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 ulimwenguni wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Miongoni mwao wamo waliozaliwa viziwi na wazee waliopoteza uwezo huo polepole.

Makundi haya hayahitaji huduma moja. Kwa kiziwi aliyelelewa katika lugha ya ishara, hiyo ndiyo lugha yake ya kwanza. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake. Si Kiingereza wala Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Kwa hivyo, bango lililojaa maandishi huenda likawa kwake ni lugha ya pili au ya tatu. Humfaa zaidi kiongozi anayejua ishara, au video ya ishara kando ya kinachoonyeshwa. Isitoshe, lugha za ishara hutofautiana baina ya nchi, hivyo video ya kigeni haitoshi.

Jumba la Whitney jijini New York, Marekani, limewahi kwenda mbele zaidi: ziara zake za lugha ya ishara ziliongozwa na viziwi wenyewe, pasipo kutegemea mkalimani.

Mzee aliyepoteza usikivu ukubwani, kwa upande mwingine, aghalabu hajui ishara. Yeye husaidiwa na maandishi kwenye filamu, pamoja na waya maalumu unaozungushwa chumbani. Sauti ya maikrofoni hupitishwa katika waya huo, nao huzalisha uga wa sumaku unaonaswa na koili ndogo iliyomo katika vifaa vingi vya kusaidia kusikia. Maneno ya kiongozi humfikia bila kelele za ukumbini.

Yapo pia marekebisho yasiyohitaji fedha nyingi. Kiongozi asizungumze akiwa amewapa wageni kisogo, na uso wake uwe kwenye mwanga. Vilevile awape muda. Akieleza habari za mifupa ya Mvulana wa Turkana, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5 na iliyogunduliwa Nariokotome mnamo 1984, asiyesikia hawezi kumtazama mkalimani na mifupa kwa wakati mmoja. Yafaa maelezo yatangulie, kisha kutazama kufuate.

Ving'ora vya moto navyo viambatane na taa zinazomweka, kwani hapo jambo linalohusika ni uhai.

Huduma hizi si hisani. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka wa 2008, kinataja makumbusho waziwazi. Nayo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka Serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya.

Mpango wowote wa kuyatimiza haya hauna budi kuwashirikisha viziwi tangu mwanzo, si baada ya ukumbi kukamilika.