Kwa Nini Saundibaa na Sabufa Hazipikiki Chungu Kimoja

Kila mtaa una jamaa wa hivi. Amejichanga miezi kadhaa, kanunua saundibaa mpya, lakini ile sabufa ya zamani yenye vispika vitano hataki kuitupa. Anaiweka nyuma ya kochi, anaiunganisha na TV kwa Bluetooth, anaweka muvi ya vita akitegemea risasi zimpite masikioni. Anachopata ni mwangwi. Mbele wanasema "twende", nyuma inarudia "twende". Jamaa anajua kapigwa dukani.

Hajapigwa. Kaingia kwenye ugomvi ulioanza kabla hajazaliwa.

Mwaka 1931 injinia Mwingereza, Alan Blumlein, alikerwa na sinema. Muigizaji anahamia upande wa pili, sauti imebaki palepale. Desemba mwaka huohuo akaomba hataza ya sauti ya chaneli mbili, ndiyo stirio ya leo. Mwaka 1940 Disney wakaja na Fantasia na mtambo wa Fantasound, sauti ikawa inazunguka ukumbini. Ila mtambo ulikuwa ghali na mzito, ukafungwa kumbi chache tu.

Miaka ya 1970 makampuni yakataka kuleta raha hiyo sebuleni: spika mbili mbele, mbili nyuma. Wazo lilikuwa kali, shida ikawa ubishi. CBS walikuwa na mfumo wao wa SQ. Sansui wakawa na QS. JVC wakaja na CD-4, ambayo ilitaka mpaka sindano maalum ya kusomea santuri. Santuri ya huyu ukiipiga kwenye mashine ya yule, sauti hazigawanyiki inavyotakiwa. Wateja wakashindwa kujua wamfuate nani, wakabaki na stirio yao. Muongo haujaisha, spika nne zikafa. Makampuni yaligoma kuelewana, mnunuzi ndiye aliyelipia.

Sinema ndizo zilizookoa jahazi. Star Wars ya 1977 iliitangaza sana Dolby Stereo, na 1982 ikaja Dolby Surround ya nyumbani. Miaka ya 1990 DVD zikaingia na sauti ya 5.1, yaani spika tano na sabufa moja. Hapo hom thieta ikawa na utaratibu mmoja mzuri: risiva ndiyo ubongo, spika zinavutwa kwa waya tu. Mbele weka za kampuni hii, nyuma za kampuni ile, mradi nguvu ziendane. Waya hauulizi jina la kampuni.

Kisha TV zikawa nyembamba, spika za ndani zikakosa nafasi ya kupumua. Katikati ya miaka ya 2000 Yamaha wakatoa YSP-1, boksi moja refu lenye spika ndogo 40 zinazorusha sauti ukutani ili ikurudie kutoka pembeni na nyuma. Watu wakapenda, sebule haina tena nyaya. Lakini waya ulipoondoka, lugha moja nayo ikaondoka. Saundibaa nyingi leo huongea na spika za nyuma kwa mawimbi yao wenyewe, na mara nyingi hukubali za kampuni ileile tu, tena modeli zilizotajwa.

Sasa ule mwangwi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Bluetooth ikichelewa milisekunde 100, jambo la kawaida, ni sawa na spika kuwekwa mita 34 nyuma yako, huko kwa jirani! Halafu sabufa inapokea stirio ileile ya mbele, haipewi sauti ya nyuma. Hiyo ni nakala tu.

Mwaka 2023 Dolby walitangaza FlexConnect, TV inapima spika zilipo chumbani na kugawa sauti yenyewe. Safi, ila spika nazo lazima ziwe za mfumo huo. Ni SQ na QS zimerudi na nguo mpya.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, uliza dukani: hii saundibaa inakubali spika gani za nyuma? Angalia pia kama ina tundu la SUB OUT; hapo sabufa yako ikiwa na tundu la kupokea, inaweza kufanya kazi ya besi. Kama unataka kuchanganya spika za kila aina, tafuta risiva hata iliyotumika, rudi kwenye waya. Mzee waya hana ubaguzi.